Tangazo la dalali getini lisikukimbize

Mhariri,

Hapa Moshi, kuanzia Pasua hadi Soweto, mtu akibandikiwa tangazo la mnada getini huanza kufungasha vyombo. Asikimbilie huko! Kwanza atafute notisi ya benki. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 60, ikieleza kilichokiukwa. Tangazo la mnada nalo linahitaji siku 14. Nyumba ya familia ikiwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, rehani yenyewe ina kasoro. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki ndiyo itajieleza. Tunza bahasha, tarehe ya kupokea notisi ndiyo hubishaniwa mahakamani.

Msomaji, Moshi