Barua ya wazi kwa vijana wa chama kipya cha sayansi

Vijana wangu, hamjambo.

Nimeisoma katiba ya chama mliyoniletea. Nimeisoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi, kama nilivyozoea kusahihisha madaftari. Mwenyekiti ameelezwa, makamu ameelezwa, mhazini na mlezi wamo, hata rangi ya fulana imo. Nikatafuta mahali palipoandikwa itakuwaje siku mtu atakapoingia mlangoni na kusema, "Jamani, nimeona jambo." Sikupaona. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, ilianza tarehe 28 Novemba 1660, watu kumi na wawili walipobaki wakizungumza baada ya mhadhara wa mtaalamu wa nyota, Christopher Wren, pale chuo cha Gresham. Wakakubaliana kukutana kila juma na kuchanga shilingi moja moja. Ada iliwasumbua tangu mwanzo, wengi hawakulipa, kwa hiyo mhazini wenu asikate tamaa. Mwaka 1662 wakampa Robert Hooke kazi ya kuleta majaribio matatu au manne kila kikao, yafanyike mbele ya macho ya wote. Kaulimbiu yao ilikuwa ya Kilatini, Nullius in verba, yaani usilipokee jambo kwa sababu tu fulani kalisema. Someni tena kazi ya Hooke, kisha mrudi kwenye katiba yenu. Kwenu nani ameajiriwa kuonyesha?

Katika mji wa Delft, Uholanzi, aliishi muuza vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek. Chuo kikuu hakukiona. Kilatini hakukijua, na zama zile asiyejua Kilatini hakuhesabiwa msomi. Lakini mkono wake ulikuwa na ufundi. Alitengeneza lenzi ndogo mno, akazibana katikati ya vibati viwili vya shaba visivyozidi urefu wa kidole. Kitu cha kutazamwa alikichomeka kwenye ncha ya sindano, akakisogeza kwa skrubu taratibu, akainua kifaa hadi karibu kugusa jicho na kuelekea kwenye mwanga. Hiyo ndiyo ilikuwa hadubini yake. Mojawapo ya zilizobaki hadi leo hukuza kitu karibu mara 270.

Mwaka 1673 daktari wa mji uleule, Reinier de Graaf, alimwandikia Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, kumjulisha habari za mtu huyu. Oldenburg angeweza kuuliza cheti. Hakuuliza. Barua za muuza vitambaa zikaanza kwenda London kwa Kiholanzi cha kawaida, zikatafsiriwa, zikachapishwa katika jarida ambalo Oldenburg alilianzisha mwaka 1665.

Kisha ikaja habari ya pilipili manga. Leeuwenhoek alitaka kujua kwa nini inawasha. Alidhani huenda ina vimiba vidogo vinavyochoma ulimi. Akailoweka majini, akaiacha majuma kama matatu ilainike, halafu akachukua tone moja akalitazama. Vimiba hakuviona. Aliona viumbe hai, vingi kupita kiasi, vikienda huku na huko ndani ya tone lile. Mwezi Oktoba 1676 akaandika barua ndefu kueleza yote.

Niwaulize: barua kama hiyo ingefika kwenye kikao chenu, kutoka kwa muuza vitenge wa sokoni, mngefanya nini?

London walitilia shaka, na walikuwa na haki. Lakini hawakuitupa. Leeuwenhoek alitafuta mashahidi wanane, wakiwemo wachungaji, wakatia saini kwamba wameona kwa macho yao. Upande wa pili Hooke naye akaloweka pilipili. Wakatazama kikao cha kwanza, hawakuona kitu. Wakatazama tena, hakuna. Hooke akatafuta vioo bora, akaweka maji ndani ya mirija myembamba ya kioo, na tarehe 15 Novemba 1677 viumbe wale wakaonekana. Majina ya walioona yakaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Mwaka 1680 muuza vitambaa akachaguliwa kuwa mwanachama. Hakuwahi kwenda London kuhudhuria, ila aliendelea kuwaandikia mpaka alipofariki mwaka 1723, akiwa na miaka 90.

Alikuwa na kosa lake pia. Namna ya kutengeneza lenzi zake bora aliificha, akaondoka nayo, na dunia ikakaa muda mrefu bila kuona alichokuwa anakiona yeye. Mkijua kutengeneza kitu, fundishaneni.

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu pale shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalichemshwa kwanza, yakaachwa yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa inakwisha, naye akaingiza yake yakiwa ya moto. Alipokuja kutazama, yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu kwa nini ya moto yametangulia kuganda, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye pale shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likaifanya utani. Alipokuja Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara, Mpemba akasimama akauliza swali lilelile, wenzake wakacheka. Osborne akarudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 makala ikachapishwa ikiwa na majina yao wawili. Hadi leo wataalamu wanabishana. Wengine wamerudia wakaliona, wengine wamerudia wasilione. Swali la kijana yule bado linafanyiwa kazi maabara.

Mimi nilikuwa upande wa wale waliocheka. Nikiwa bado kijana kazini, binti wa kidato cha pili aliniambia kwamba maharage ambayo bibi yake huyachanganya na majivu hayaliwi na wadudu. Akaniuliza sababu. Nilimwambia tuko kwenye kemia, akae chini. Jikoni palikuwa na majivu, stoo palikuwa na gunia la maharage, na kutoka darasani ni hatua thelathini. Muhula mzima hakunyoosha mkono tena. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba majivu hukwaruza na kukausha ngozi ya mdudu, na hujaza nafasi katikati ya punje asipite. Nilipaswa kulijua hilo pamoja naye, siku ileile.

Na nikiwa hapo kwa binti: Royal Society haikuwapokea wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 1945, walipoingia Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson. Mwaka 1902 walikuwa wamemkataa Hertha Ayrton, mtaalamu wa umeme, kwa hoja kwamba ni mke wa mtu. Kwenye orodha yenu ya viongozi nimehesabu msichana mmoja, naye amepewa kupokea wageni. Rekebisheni.

Kuhusu fedha sina mengi ya kusema. Mwaka 1686 Royal Society ilimaliza hela kuchapa kitabu cha samaki kisichonunuliwa, na kazi kubwa ya Newton ilipokuwa tayari mwaka uliofuata, mwanachama mwenzake, Edmond Halley, ndiye aliyetoa pesa mfukoni kwake ichapwe. Fulana zinaweza kusubiri.

Ongezeni kifungu kimoja kwenye katiba: kila kikao kianze kwa jambo lililoonwa na mtu, mwanachama au si mwanachama, na pale pale ateuliwe wa kulirudia, tarehe iandikwe. Nunueni daftari gumu la kurasa nyingi.

Mimi nimeshaloweka pilipili manga kwenye chupa ya jamu, ipo dirishani tangu Jumatatu. Hadubini ya zamani ninayo, lenzi nimeifuta. Jumamosi baada ya majuma matatu njooni nyumbani saa nne asubuhi, na mpishi wa shule mje naye. Ana jambo kuhusu sufuria za maharage ambalo ananiambia kila tukikutana.

Mwalimu wenu mstaafu