Msitupe gitaa la besi kabla ya kulipima

Ndugu Mhariri,

Hapa Malindi, na Lamu vilevile, gitaa la besi likianza kukwaruza au kufifia sauti, neno la kwanza utakalolisikia ni kwamba limekufa. Mwenyewe hulitundika ukutani, akaanza kudunduliza fedha za jingine, na hilo jingine baada ya kusi mbili nalo likatundikwa pale pale. Tunaandika kwa sababu fedha hizo ni za watu wanaopiga besi kwa mapenzi tu, jioni baada ya kazi, kanisani, harusini au kwenye taarabu za mtaani, na zinapotea bure. Mengi ya magitaa hayo yanadai kazi ya saa moja au mbili, ufunguo wa alen, bisibisi, kitambaa na tone la mafuta ya cherehani.

Tuanze dukani. Anayejifunza hana haja ya nyuzi tano wala saketi ya betri. Gitaa la nyuzi nne lisilotumia betri, kama Yamaha TRBX174 au la jamii ya Squier Affinity, litamfaa miaka mingi, na lililokwisha kutumika si aibu kulinunua. Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34 toka kizingiti cha juu, pale shingo inapokutana na kichwa, hadi darajani, kile chuma cha mwilini kinachoshika ncha za nyuzi. Mwenye mikono mifupi atafute ya inchi 30. Kabla ya kutoa pesa, tazama shingo kwa jicho moja ukianzia kichwani. Ikiwa imeinama mbele kidogo kama upinde, inarekebishika. Ikiwa imejisokota, upande wa uzi mnene umepanda na wa uzi mwembamba umeshuka, liache hata kwa bei ya bure, kwa kuwa hakuna spana inayotibu ugonjwa huo. Kisha mwombe muuzaji ruhusa uzungushe robo tu nati ya chuma kilichomo ndani ya shingo. Kwa pwani yetu jaribio hili ni muhimu kuliko rangi na jina: nati iliyoshikwa na kutu ni gitaa lisiloweza kurekebishwa tena hali ya hewa ikibadilika. Nobu, kile kifundo cha kupandisha na kushusha sauti, ikikwaruza isikutishe, ila itumie kupunguzia bei.

Sasa kulipima, na hapa ndipo wengi huharibu kwa kuanzia mwisho. Nyuzi zifikishwe kwanza kwenye sauti zake, E, A, D na G, kwa programu yoyote ya simu. Bana uzi wa E kwenye freti, yaani vile vichuma vinavyokatiza shingo, ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, halafu chungulia nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba. Iwe milimita 0.3 hivi, yaani karatasi tatu za ofisini zikiwekwa pamoja zipite kwa kugusa. Zikipita na nafasi ikabaki, kaza ile nati robo mzunguko kwa mwelekeo wa saa. Zisipopita, ilegeze robo. Usizidishe robo kwa siku moja, maana mti hufuata chuma polepole. Rudi kesho upime tena. Nati ikigoma, legeza nyuzi kwanza, na ikiendelea kugoma usiilazimishe.

Shingo ikikaa sawa, ndipo uende darajani. Pima kwenye freti ya 12 nafasi iliyo chini ya uzi: milimita 2.5 kwa E, ikishuka hadi 2 kwa G. Kadi tatu za benki zikibebana ni milimita 2.3, na kwa asiye na rula hicho ni kipimo kizuri. Kukwaruza nako kuna mahali pake. Kukisikika kwenye freti nne za kwanza tu, shingo imenyooka kupita kiasi. Kukianzia katikati kwenda upande wa mwili wa gitaa, viti vya nyuzi, yaani vichuma vinavyobeba kila uzi darajani, vimeshushwa mno au shingo imeinama sana. Freti moja ikitoa sauti ya freti inayoifuata, hiyo inayofuata imeinuka, na mara nyingi hurudi kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mpira.

La mwisho ni ulinganifu, yaani kila freti itoe sauti yake sahihi. Mpiga udi au fidla akikosea husogeza kidole, sikio likamwelekeza. Mwenye freti hana njia hiyo, kwa hiyo kosa lazima litolewe darajani. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 utoe mlio wa filimbi, kisha ubane freti hiyo hiyo upige. Sauti iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kiti cha uzi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya kazi hii kwa nyuzi mpya tu. Uzi ulioshika kutu una uzito usio sawa, na utazungusha skrubu hadi usiku bila kufika.

Kuhusu chumvi hatuna maneno ya kutosha. Hewa ya bahari inaleta chumvi, jasho linaleta nyingine, na chumvi huvuta unyevu hata chumba kikionekana kikavu. Baada ya kila kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini yake. Ni dakika moja, na inaongeza uhai wa nyuzi kuliko dawa yoyote ya kununua. Viti vya nyuzi vina skrubu ndogo zinazofunguliwa kwa alen ya milimita 1.5, na hizo ndizo za kwanza kuganda. Tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila skrubu kila baada ya miezi mitatu linatosha. Zikiwa zimeganda tayari, tia mafuta uache zilale usiku kucha, maana ukilazimisha, tundu la pembe sita huliwa likawa duara. Ubao wa freti usiokuwa na vanishi upakwe mafuta mepesi ya madini mara mbili kwa mwaka. Mafuta ya nazi yabaki jikoni na kichwani. Mafuta ya kula hunata na kuchacha. Kaskazi ikiingia na kusi ikiingia, rudia kipimo cha karatasi tatu. Na anayevuka kutoka Mokowe kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, kwa boti alifunge gitaa ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya begi, kisha alitoe mara afikapo, lisibaki humo likijitolea jasho.

Nyuzi zilizokufa sauti bila kutu zinaweza kulazwa siku nzima ndani ya spiriti, zikafutwa na kuanikwa. Kuzichemsha dakika kumi nako husaidia kwa wiki chache, lakini zisipokauka hadi ndani, kutu huanza pale usipopaona. Wenye maduka ya vifaa vya muziki tunawaomba waweke seti za besi za unene wa 45 hadi 105 (kwa sehemu elfu za inchi) kwa urefu wa inchi 34. Nyuzi bapa nazo wasizisahau: ni ghali, ila hukaa miaka, na mlio wake mzito na mfupi unaikaa taarabu vizuri mno.

Upande wa umeme, magonjwa ni machache. Jeki, lile tundu la kuchomekea kebo, ikilegea huzunguka na kuukata waya wake, kwa hiyo kaza nati yake mapema huku ukiishika jeki kwa ndani isigeuke. Nobu hupuliziwa dawa ya kusafishia saketi, ambayo mafundi simu wanayo, kisha huzungushwa mara ishirini. Dawa ya kulegeza kutu si mahali pake. Fundi simu aweza pia kulehemu, lakini kifaa chake chenye ncha nyembamba hakiwezi kupasha moto mgongo wa nobu, na lehemu hukaa juu bila kushika. Mwambie atumie cha wati 40 chenye ncha pana, na asikae hapo zaidi ya sekunde chache. Gitaa likivuma, na mvumo usibadilike hata kidogo unaposhika nyuzi, tazama kwanza ule waya unaokwenda chini ya daraja. Mara nyingi umekatika. Mwenye gitaa la betri achomoe kebo kila amalizapo, kwani kebo iliyochomekwa ndiyo swichi yake.

Nusu ya bajeti, kwa maoni yetu, iende kwenye spika, na hapa ndipo ubahili huleta hasara kubwa. Uzi wa E mtupu hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ya redio au ya kinanda ikilazimishwa kutoa sauti hiyo kwa nguvu hupasuka koni. Nyumbani wati 15 hadi 30 zinatosha. Penye ngoma usishuke chini ya 200. Ukumbi ukiwa na mitambo yake, acha amplifaya, nunua kisanduku cha DI, kinacholiandaa gitaa liingie kwenye miksa bila amplifaya, kama Behringer BDI21. Besi isiyo na betri ikichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la miksa hupoteza ung'avu wake. Masanduku mawili ya spika ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) yakiungwa sambamba huwa omu 4, na la tatu huiteremsha chini ya uwezo wa amplifaya nyingi. Kebo ya gitaa isitumike kwenye spika kamwe, kwa kuwa waya wake ni mwembamba na hupata moto.

Mwisho, wenye kumbi za harusi. Ili kuua mvumo, wako wanaokata waya wa ardhi au kuchomeka plagi ya pini tatu kwenye adapta ya pini mbili. Nyuzi za besi zimeunganishwa na bodi ya amplifaya kupitia daraja, na maikrofoni imeunganishwa na bodi ya mtambo mwingine. Mmoja wao akikosa waya wa ardhi na kuvujisha umeme, mpigaji anayeimba hukutanisha volti 240 kati ya vidole na midomo. Mchonyoto mdogo mdomoni ni onyo la kuzima kila kitu papo hapo. Tunawaomba mumwite fundi umeme aliyesajiliwa apime waya wa ardhi kwenye kila soketi ya jukwaani, na zile adapta mziondoe kabla ya harusi ijayo.

Wasalaam,
Wapiga besi wa ridhaa,
Malindi