Mama, bundi wa mjukuu wako

Manchester

Mama, shikamoo.

Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Nimeona nikuandikie kwa sababu juzi ulikata simu kabla sijamaliza. Dada kaniambia tangu uione ile picha umeshatoa sadaka na kuwaomba watu wamsomee mjukuu wako dua. Dua hazikataliwi, Mama, ila yule bundi kifuani pake hajatumwa na mtu. Ni nembo ya shule.

Nami siku tuliyokwenda kununua koti niliganda. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitoka na ufagio usiku kumfukuza yule wa kwenye mwembe. Huyu wa huku kashika kitambaa mdomoni, kina herufi tatu: dom. Nikauliza maana yake.

Shule hiyo, Manchester Grammar School, aliianzisha mtu wa pande hizi, Hugh Oldham, mwaka 1515, wakati huo akiwa askofu wa Exeter, mbali huko kusini. Bundi kwa Kiingereza ni owl, na jina la askofu wenyeji walilitamka kama Owldom. Basi ni fumbo tu: ndege, halafu dom. Kama Mzee Simba wa mtaa wa pili angechora simba mlangoni kwake. Hata chumba alichozikwa, ndani ya kanisa kuu la Exeter, kimechongwa mabundi. Wazungu nao wana mizaha yao.

Sasa hili utalipenda. Shule ilisomesha watoto kwa unga. Ilikuwa na vinu vya kusagia nafaka kwenye mto Irk, mapato yake ndiyo mshahara wa walimu, na watu wa mji walilazimika kusaga hapohapo. Walinung'unika miaka na miaka, mpaka sheria ya mwaka 1758 ikawaruhusu kupeleka nafaka yao wanakotaka, isipokuwa kimea cha pombe. Niliposikia habari ya vinu nikakuona wewe alfajiri, umeinamia chungu cha vitumbua, na ada yangu imefungwa kwenye pindo la kanga. Tofauti ni kwamba wewe hukumlazimisha mtu kununua.

Na kanuni zao za mwanzo zilikataza mwalimu kumtoza mtoto hela yoyote, hata zile senti za kupiganisha majogoo, maana enzi hizo shule za Uingereza zilikuwa na mchezo huo. Siku hizi ada ipo, na ni nzito. Kwa muda mrefu serikali ililipia wanafunzi wengi, kisha kuanzia mwaka 1976 mpango huo ukafutwa na shule ikabaki ya kujitegemea. Wenye kipato kidogo huomba ufadhili. Wanapima mapato ya wazazi hadi senti ya mwisho. Sisi tumepimwa, tumepata. Mtihani kaufanya mwenyewe.

Uliuliza pia: shule gani nzuri isiyo na bweni? Kwetu aliyefaulu hufungiwa sanduku la chuma na godoro, anaonekana likizo kwa likizo. Huku shule hii ya miaka mia tano ni ya kutwa. Zamani ilikuwa katikati ya mji, kando ya kanisa kuu. Mwaka 1931 ikahamia Fallowfield, kwenye viwanja vipana. Asubuhi anapanda basi, jioni yuko mezani kwangu anamalizia ugali na kubishana nami habari za Kilatini, lugha ambayo hata hao Wazungu hawaizungumzi tena. Mimi nilikwenda bweni nikiwa na miaka kumi na mitatu, nawe unajua nililia kiasi gani. Niache nimwone huyu akikua.

Shangazi kafika salama. Samaki wakavu tumewapata, na hirizi nimeipata. Nimeishona ndani ya koti, upande wa pili wa bundi. Mkweo hajui.

Mwanao