Hamisi, kuhusu hivyo visu

Asalam aleikum mwanangu. Dada yako kanionesha ile picha ya visu vya kurusha uliyomtumia, yaani mimi ndo nauza visu hapa Mwanga miaka yote lakini picha anatumiwa yeye, haya sawa. Nimeambiwa pia kikundi chenu cha sarakasi kina shoo na kuna binti atasimama ubaoni wewe urushe. Hilo hapana. Rusha ubaoni, rusha kwenye gogo, mtu asisimame hapo.

Sasa hivyo visu. Vile 12 vyeusi vyenye matundu matundu achana navyo, vimepakwa rangi vipendeze tu, havizidi sentimita 15 na vyepesi kama kijiko cha chai. Kisu chepesi kinayumba hewani, kikifika ubaoni hakina nguvu ya kuzama, kinadunda kinakurudia mwenyewe. Tafuta vya sentimita 30 hivi, gramu 200 mpaka 300, na bora vitatu vya maana kuliko hiyo dazani. Viwe mapacha kabisa, usimwamini muuzaji (nakwambia mimi muuzaji), weka kimoja kimoja kwenye mizani, kama vimepishana uzito mkono wako utazoea uongo. Alafu kilaze juu ya kidole, kikitulia katikati ndo kizuri kwa anayeanza, unaweza kushika mpini au upande wa ncha kikazunguka vilevile.

Na makali hayatakiwi! Ncha tu ndo inachongwa, pembeni kuwe butu maana kuna siku utakishika hukohuko kwenye bapa. Mpini wa plastiki au wa mbao usichukue, kisu kingine kikiugonga unapasuka, we taka chuma kipande kimoja toka ncha mpaka mwisho. Na chuma kisiwe kigumu kupita kiasi, mjomba wako anasema kisu cha jikoni kinafanywa kigumu ili kishike makali ila cha kurusha bora kipinde kuliko kikatike, kikipinda unakinyoosha kwa nyundo, kikikatika kipande kinaenda kwenye jicho la mtu. Yuko tayari akufulie vitatu vya springi ya gari, akishavipoza kwenye oili anavipasha tena taratibu mpaka chuma kigeuke bluu. Bure, mkaa utanunua wewe. Kimoja keshakifua, kiko hapa mezani, alama za nyundo zinaonekana kabisa, mdogo wako kakirusha kwenye mwembe kikakaa wima anashangilia, nikamchapa.

Umeona, mtoto kapatia mara moja basi anajiona fundi. Ndo maana nasema usirushie mtu Hamisi, huyo binti ana mama yake kama wewe ulivyo na mimi. Baba yako Mungu amrehemu alipenda kusimulia Wazande wa huko kaskazini Kongo na visu vyao vya kurusha vyenye mabawa matatu manne ili upande wowote utakaotangulia ukate, sasa vile ni vya vita, sijasikia hata wao wamemsimamisha binti wa watu wakasema ni shoo.

Ubao usiwe wa mninga, utavidundisha. Kata kipande cha gogo la paini, ule upande uliopita msumeno ndo ukutazame wewe, nyuzi zinaachia kisu kinaingia. Watazamaji wakae nyuma yako. Ukimaliza pitisha tupa kwenye visu, vikigongana vinaota vimiba vinakata vidole.

Majirani waliosema sarakasi ni uhuni (na mimi nilikuwemo, basi) sasa hivi wanaomba niwaoneshe video, ile ya kupanda juu ya mabega ya wenzio wameirudia mpaka bando langu likaisha. Ila hata hela ya bando hujatuma.

Hapa mvua imepiga bati la jikoni limeachia upande mmoja, fundi anataka pesa kwanza. Dagaa wamepanda bei. Visu vikiwa tayari natuma na treni, nenda navyo geto moja kwa moja usizurure navyo kwenye begi, polisi wa stesheni hawajui sarakasi. Natuma na mawese ndoo moja. Ndoo irudi, ile ya safari iliyopita mpaka leo sijaiona na mfuniko wake ndo ulikuwa unabana vizuri. Na huyo binti mwambie mama Hamisi kakataa.