Msikifute Kipimo Kinachowakatalia: Barua ya Wazi kwa Vijana Watafiti

Vijana wangu mnaoanza kazi ya utafiti katika fizikia, kemia na saikolojia,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaandikia nikiwa fundi sanifu maabara mstaafu, mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake mbele ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki wa kupimia vimiminika, na ninalo jambo moja tu la kuwaeleza. Kipimo kinapokataa kukubaliana na matarajio yenu, msikirekebishe wala msikifute. Kiandikeni kama kilivyo, kisha mkifuatilie, kwa maana huenda habari yote ya utafiti wenu imo humo.

Nilijifunza hayo kwa kuchelewa. Nikiwa bado kijana nilipewa kazi ya kupima madini joto katika chumvi ya kula, yale yanayowakinga watu na rovu. Unayeyusha chumvi, unatia asidi na iodidi ya potasiamu, maji yanakuwa ya manjano. Unadondosha kemikali ya thiosulfati kutoka kwenye bureti mpaka manjano ipauke, unaongeza maji ya wanga, na hapo chupa nzima inageuka buluu iliyokaribia weusi. Kisha unaendelea tone kwa tone, mkono mmoja kwenye koki na mwingine ukizungusha chupa, hadi tone moja la mwisho linapoifuta rangi yote na maji kubaki meupe. Siku hiyo rangi ilitoweka mapema mno katika sampuli kadhaa, maana yake madini yalikuwa pungufu. Mkubwa wangu alitazama tarakimu, akasema bureti yangu ina kasoro, akaniagiza niandike kiwango kilichotarajiwa. Nami nikaandika. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotafakari kwamba madini joto hupungua chumvi inapokaa kwenye unyevu na joto, na kwamba magunia yale yalikuwa yamekaa ghalani midomo wazi. Sikuwahi kwenda kuyapima tena, hivyo siwezi kudai kwamba nilikuwa sahihi. Ninachojua ni kwamba swali lilikuja lenyewe mkononi mwangu nikalizika.

Mtazameni Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alipokuwa akipima uzito wa naitrojeni mwanzoni mwa miaka ya 1890. Naitrojeni aliyoitoa hewani ilijaza chombo chake kwa uzito wa takriban gramu 2.310, na ile aliyoipata kutoka katika misombo ya kemikali ikawa gramu 2.299. Tofauti ndogo kama hiyo ni nani asingeilaumu mizani? Yeye alifanya kinyume kabisa cha tunavyofanya wengi wetu, kwani alibadili njia yake ili tofauti ile ikue badala ya kupungua, na mwaka 1892 aliandika katika jarida la Nature akiwaomba wanakemia wamsaidie kuielewa. Mwanakemia William Ramsay akaingia kazini, na mwaka 1894 wakatangaza kuwapo kwa gesi nyingine nzito zaidi ndani ya naitrojeni ile ya hewani, gesi ambayo watu walikuwa wakiivuta siku zote pasipo kuijua, nayo ni argoni, inayokaribia asilimia 1 ya hewa. Mwaka 1904 Rayleigh alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia na Ramsay ile ya kemia. Napenda sana kwamba ilihitajika elimu ya watu wa fani mbili kukifafanua kipimo kimoja kilichokataa, na ndiyo sababu nawaandikia ninyi wa fani tatu barua moja.

Hapa kwetu tunaye Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi katika Shule ya Sekondari Magamba mkoani Tanga, alitia maziwa ya moto kwenye jokofu kwa kuogopa kukosa nafasi, akakuta yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu. Hakunyamaza. Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipozuru shule hiyo, kijana alimuuliza swali lilelile mbele ya wenzake, na Osborne, ingawa hakuamini, aliahidi kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Watu husimulia habari hiyo kwa fahari, nami pia naionea fahari, lakini kwangu mimi sehemu yenye mafunzo zaidi ni ndogo: fundi aliyepewa jaribio lile chuoni alirudi akasema kwamba ni kweli maji ya moto yaliganda kwanza, ila wataendelea kulirudia mpaka wapate jibu sahihi. Fundi yule ni mwenzangu wa kazi, na moyo wake naufahamu. Hakukusudia kudanganya mtu. Aliamini tu kwamba jibu lilishajulikana kabla ya jaribio.

Ninyi wa saikolojia, maneno ya fundi huyo yawaguse kuliko wote. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha kazi ya kundi kubwa la watafiti waliorudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali asilimia 97 zilikuwa zimeripoti matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, zilizofanya hivyo zilikuwa asilimia 36 tu. Sidhani kwamba wengi wao walikuwa waongo. Mtu huhoji watu 20, akaona karibu anapata, akaongeza 10; akamwondoa huyu kwa kuwa alijibu haraka mno; akajaribu hesabu nyingine; na kila hatua ina sababu inayosikika vizuri, ilhali kwa ujumla wake ni kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane. Kwa hiyo amueni idadi ya watu na namna ya kupiga hesabu kabla ya kumhoji mtu wa kwanza, na mpango huo uwekeni mahali ambapo hamwezi kuubadili kimyakimya.

Kuandika kipimo kilivyo si sawa na kukiamini. Mwaka 2016 watafiti wawili nchini Uingereza walilichunguza upya jambo la Mpemba kwa maji, wasipate ushahidi wa kutosha, na wakaonyesha kwamba kipimajoto kikipandishwa au kushushwa kwa sentimita 1 tu ndani ya chombo chaweza kulizua jambo lenyewe. Mwaka 2020, kule Kanada, wengine waliliona waziwazi, si kwa maji yanayoganda bali kwa chembe ndogo mno inayopoa. Mjadala huo wa zaidi ya miaka 50 umewezekana kwa kuwa kijana mmoja hakukubali kulifuta aliloliona.

Najua wengi wenu mko chini ya wasimamizi wanaoshikilia shahada na mikataba yenu, na kumwambia mkubwa kwamba hapana si jambo jepesi katika malezi yetu. Yapo maneno ya adabu yanayotosha: "Mwalimu, naomba nirudie kipimo hiki mbele yako." Halafu yaandikeni matokeo yote mawili kwa wino, na penye kosa pigeni mstari mmoja ili kilichokuwa chini yake kiendelee kusomeka. Mimi sikuyatamka maneno hayo. Daftari langu la mwaka ule bado ninalo, na mahali palipokuwa na tarakimu za chumvi ile pana karatasi iliyochubuliwa na kifutio.

Mzee wenu,
Fundi sanifu maabara mstaafu