Bima ya mwaka kwa mapato ya siku

Mhariri,

Tangu Oktoba 2024, sisi tusio na ajira rasmi tunatakiwa kulipia bima ya afya ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya) asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Hizo zinabebeka. Kinachotushinda ni kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Nauza viazi karai hapa Kisauni. Nikitoa pesa za mafuta, unga na makaa, kinachobaki ni cha jioni hiyo hiyo. Hata hiyo 3,600 ya kiwango cha chini kabisa, ukinikuta nayo mkononi ujue nimemkopa mtu. Enzi za NHIF, mfuko wa bima uliotangulia SHA, tulilipa 500, lakini mwezi kwa mwezi.

Mume wangu anataka tuachane na bima, tuweke pesa kwenye chama cha akiba. Nimemkatalia: mwanetu ana pumu, na akilazwa siku mbili tu akiba yote imekwisha. Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kulipia bima hiyo kidogo kidogo, nayo ni mkopo, na madeni tunayo ya kutosha.

Kwa nini tusilipe kila wiki kwa simu, bila mkopo, na huku tunatibiwa?

Muuza viazi,
Kisauni, Mombasa