Usingoje shida ndipo umwone mshauri wako

Moshi,
Jumapili jioni

Rafiki yangu wa dawati moja,

Barua yako kaka aliniachia stendi Alhamisi, nami nimeisoma mara mbili. Nimefurahi umepata chumba hapo Njiro, na kwamba blanketi la mama linaiweza baridi ya Arusha. Ila kuna maneno yako yamenikaa moyoni: kwamba umeliona jina lako ubaoni chini ya mshauri wa taaluma, yule mwalimu wa kukuongoza kwenye masomo, hujui anakuhusu nini, na utamwona ukipata shida.

Tafadhali usingoje shida. Mimi nilingoja.

Mwaka wa kwanza mzima nilimwona mshauri wangu mara mbili, na zote mbili nilifuata sahihi. Nilisimama mlangoni na fomu ya kusajili kozi, nikampa shikamoo, akasaini haraka maana alikuwa anawahi kipindi, nikashukuru kwamba yameisha kwa dakika moja. Kozi za hiari nilizoziandika humo niliwafuata tu wenzangu wa chumbani; walisema mwalimu wake hasumbui. Mwaka wa pili ndipo nikagundua kwamba utafiti wa masoko, kozi niliyoitamani tangu kidato cha sita, haimpokei mtu ambaye hajasoma takwimu. Na takwimu ndiyo niliyoiruka. Wala hakuna aliyenificha. Ilikuwa imeandikwa kwenye prospektasi, kile kitabu cha chuo chenye maelezo ya kozi, ukurasa ambao sikuwahi kuufungua. Muhula huohuo nikapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na chuoni kwetu sapu hata uifaulu vipi inaandikwa C.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mshauri nikakaa kwenye kiti.

Hakunigombeza. Aliniuliza, "Umekuja na nini mkononi?" Sikuwa na kitu. Akanirudisha hosteli nikachukue matokeo yangu yote na prospektasi. Niliporudi alichukua karatasi moja, akachora visanduku sita, kila kimoja muhula mmoja, tukaanza kuvijaza kutoka mwisho kurudi nyuma. Kwanza kazi ninayoitaka nikimaliza, kisha kozi za mwaka wa tatu zinazoielekea kazi hiyo, kisha zile ambazo lazima zitangulie. Takwimu aliizungushia duara, akavuta mshale mrefu hadi kwenye utafiti wa masoko. Kwa mara ya kwanza niliiona digrii yangu yote mahali pamoja. Takwimu nikaja kuisoma na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, na sasa hivi nakuandikia huku utafiti wa masoko uko kwenye ratiba yangu.

Kisha akaniuliza kuhusu krediti. Mimi nilidhani krediti ni namba ya kujazia fomu. Kumbe kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na kujisomea pamoja, na mwaka mmoja ni krediti 120. Muhula wa krediti 60 basi ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kila wiki. "Haya, nionyeshe hizo 40 unazitoa wapi," akasema. Nikanyamaza. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa limeisha, na siku nne kwa wiki nilikuwa sokoni Memorial nauza mitumba na shangazi. Chuoni sikuwa nimemwambia mtu. Siku ile nikasema. Hakuniambia niache, alijua nakula kwa hiyo biashara. Tulikaa na ratiba tukatafuta siku mbili ambazo hazigusi vipindi, na shangazi alipoelezwa alikubali.

Akanionyesha na hili, ambalo natamani kila mwaka wa kwanza angelijua. A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, lakini pointi hizo huzidishwa kwa krediti za kozi, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Chukua kozi mbili, moja ya krediti 12, nyingine 8. Ukipata B kwenye kubwa na A kwenye ndogo, wastani wako ni 3.8. Zigeuze, A iwe kwenye kubwa, unafika 4.2. Jasho ni lilelile. Mimi nilikuwa nakesha na ile ndogo kwa sababu nilikuwa naipenda.

Kwa hiyo wewe nenda wiki hii, kwa ulivyoandika dirisha la kubadili kozi bado halijafungwa. Angalia saa zake za kuonana na wanafunzi, huwa wanazibandika mlangoni. Beba prospektasi, vyeti vyako, na maswali umeyaandika, maana ukishakaa mbele ya huyo Dokta, mshauri wako, yatakutoka kichwani. Wala usimuulize "nichukue kozi gani?" Mwambie, "Nimefikiria hizi mbili, kwa sababu hii na hii, je, kuna ninachokosea?" Utaona atakavyosogeza kiti.

Najua una aibu, tumelelewa tusimsumbue mkubwa. Heshima yako mpe yote, lakini muda huo chuo kimempangia kwa ajili yako. Ukimkosa mara mbili tatu, mwandikie baruapepe. Akiendelea kukosekana, mwone mkuu wa idara bila kuogopa.

Usije ukamchanganya na mshauri wa wanafunzi. Huyo ni wa malazi, afya na maisha ya chuoni, na mkopo nao una dawati lake. Lakini ukiugua au ukifiwa karibu na mitihani, wote waambie, na barua ya kuahirisha iandikwe kabla ya mtihani. Mwenzetu mmoja alikwenda Rombo kumzika baba yake bila kuaga, akarudi akakuta ameandikiwa hakutokea. Ilimchukua muhula mzima kulinyoosha.

Mkimaliza kuongea, usiku huohuo mwandikie mistari michache ya mliyokubaliana. Wangu alikwenda masomoni katikati ya mwaka, na mshauri mpya alinielewa kwa sababu nilikuwa na ule ujumbe wa kumwonyesha.

Ndani ya bahasha nimekuwekea nakala ya ile karatasi ya visanduku sita. Upande wa nyuma ni mweupe, chora vyako kabla hujaenda, hata kama utajaza viwili tu. Kaka anarudi huku Ijumaa. Mpe barua unieleze Dokta amesema nini, na kozi ipi umeibadilisha.

Msalimie mama ukimpigia simu.

Mimi rafiki yako,
wa Moshi